"YA KUKU TU": NENO LINALOPASA KUONDOKA MAKAMBINI

Mtu apitaye asubuhi katika makambi ya jeshi na kota za polisi, kuanzia Tororo chini ya mwamba wake mkubwa mpaka Busia zote mbili, ile ya Uganda na ile ya Kenya, huona jambo moja lisilobadilika. Kabla ya baragumu la gwaride kupigwa, mlango hufunguliwa, mkono hutoka na konzi ya nafaka ikatupwa uani. Kuku hukimbilia kwanza. Njiwa hushuka kutoka mapaani. Baada yao huja wageni wasioalikwa: shomoro, chiriku, hua, tetere na minana, kila mmoja akiokota alichobakiza mwenziwe.

Desturi hii ni njema. Askari atokaye zamu ya usiku hutulia moyo akiwatazama ndege kwa dakika kumi, na watoto wake hujifunza majina ya viumbe wa nchi yao. Zaidi ya hayo, yai la asubuhi na kitoweo cha Jumapili hutoka katika ua huo huo. Lakini aghalabu hatujiulizi ile nafaka iliyotupwa ni ya namna gani, imetoka wapi, na kwa nini iliuzwa kwa bei nafuu. Katika makala haya twataka kulitazama swali hilo kwa makini, kwa sababu mji wa mpakani ni ghala la nafaka za kila aina, nzuri na mbaya, na ndege wa uani ndiye wa kwanza kulipa gharama ya uchaguzi mbaya. Wa pili ni mwenye ua.

KILA MDOMO NA PUNJE YAKE

Atakaye kuchagua nafaka yafaa aanze kwa kutazama mdomo wa ndege. Chiriku na ndege wengine wadogo wa majani wana midomo mifupi, minene, iliyoumbwa kwa ajili ya kumenya mbegu ndogo. Hao chakula chao ni wimbi, ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita ulezi, pamoja na uwele na mtama wa punje ndogo. Kuwatupia mahindi mazima ni sawa na kumpa mtoto mchanga muwa.

Hua, tetere na njiwa hawamenyi punje. Huimeza nzima, kisha firigisi husaga kwa msaada wa changarawe. Kwa hiyo hupenda mtama, chenga za mahindi na punje za ngano. Minana na shomoro hawachagui sana. Hula mtama, wimbi, chenga za mchele na hata wadudu wanaofukuzwa na miguu ya kuku. Mbegu za alizeti zina mafuta mengi na nguvu nyingi, lakini ganda lake ni gumu, hivyo hufaa ndege wenye midomo yenye nguvu, au kuku ikiwa zimepondwa.

Kuku mwenyewe hula karibu kila kitu, na hapo ndipo yalipo matatizo yake. Kwa kuwa hakatai, sisi wenye kumfuga tumekuwa hatubagui. Kifaranga apewe chenga ndogo, kuku mkubwa apewe punje iliyopasuliwa. Tena nafaka peke yake haimtoshi: kuku atagaye huhitaji protini, kama dagaa waliosagwa au mashudu ya alizeti, na chokaa ya maganda ya konokono au ya mayai yaliyochomwa na kusagwa. Mwenye kutupa mahindi matupu asilaumu kuku kwa mayai machache.

MTAMA MWEUPE NA MTAMA MWEKUNDU

Katika masoko ya Busia na Tororo mtama huuzwa kwa rangi mbili kubwa, mweupe na wa hudhurungi au mwekundu. Wengi hudhani tofauti ni ya macho tu. Sivyo. Mtama wa hudhurungi una tanini nyingi, kitu kikali kinachokausha ulimi kama ndizi mbichi. Wataalamu wa kilimo waliuzalisha kwa makusudi. Katika kituo cha utafiti cha Serere, huko Teso, zilipatikana aina za Serena na Seredo, ambazo zilienea Uganda na Kenya ya Magharibi kwa sababu ndege hawazipendi. Punje zikiwa bado changa, kwelea na minana wakizionja huondoka kutafuta shamba lenye mtama mtamu zaidi. Mkulima wa Teso au wa Samia aliyekuwa akiwaweka watoto shambani kutwa nzima wakipiga makopo na kurusha mawe alipata nafuu kubwa.

Basi jambo lililo baraka shambani hugeuka hasara uani. Tanini huishika protini ya chakula tumboni, nayo hupita bila kumfaidia kuku. Kuku anayelishwa mtama mwekundu mwingi hukua polepole hata kama kibuyu cha nafaka humalizika kila siku. Ndege wa porini nao watauacha mtama huo chini wakiwa na chaguo jingine. Kwa hiyo mtama wa hudhurungi ni wa kupanda mahali penye ndege waharibifu, wa uji na wa pombe za kienyeji, na mweupe ndio wa kulishia. Anayenunua mtama mwekundu kwa ajili ya kuku kwa kuwa ni rahisi hajapunguza gharama. Amenunua kinyesi kwa bei ya nafaka.

Jambo jingine kuhusu mtama ni usafi wake. Makapi ya kupuria yana mbegu za magugu, na katika nchi hii lipo gugu la kuogopwa: striga, lile ambalo Wajaluo huliita kayongo. Maua yake ya zambarau hupendeza macho, lakini mizizi yake hunyonya mizizi ya mtama, mahindi na wimbi mpaka shamba likadumaa. Mche mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Askari mwenye bustani nyuma ya kota akitupa makapi yasiyopepetwa huweza kulipanda gugu hilo kwa mkono wake mwenyewe. Yapepetwe kwanza mahali pagumu, na takataka zichomwe.

"HAYO NI YA KUKU TU, AFANDE"

Sasa twafika penye kiini cha makala. Ingia katika soko lolote la nafaka mpakani baada ya mavuno, nawe utaona magunia yamepangwa kwa daraja. La mbele lina punje nyeupe, kavu, zinazolia zikimwagwa. Nyuma kabisa lipo gunia lenye punje zilizofubaa, nyingine zimetobolewa na wadudu, nyingine zina ukungu wa kijani au wa manjano. Ukiuliza bei utashangaa kwa unafuu wake, na ukiuliza sababu utajibiwa, "Hayo ni ya kuku tu, afande."

Neno hilo ni la hatari. Ule ukungu, ambao wanasayansi huuita Aspergillus flavus, hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Haina harufu, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Na historia ya kugunduliwa kwake ilianzia kwa ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza katika miezi michache, na hakuna aliyejua ugonjwa wao. Mwishowe uchunguzi ulionyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyoota ukungu. Kutokana na jina la ukungu huo ndipo sumu ikapewa jina lake.

Kuku wetu ni mgumu kuliko batamzinga na bata mchanga, hivyo mara nyingi hafi siku ile ile. Hupunguza kutaga, hudhoofu, ini huharibika, na kinga yake ya mwili hushuka, ndipo mdondo ukipita kambini humzoa upesi. Sehemu ya sumu hubaki katika maini na huweza kuingia hata katika mayai. Maana yake, gunia la "kuku tu" hurudi mezani kwa mlango wa nyuma.

Tena mara nyingi halifiki hata kwa kuku. Mwisho wa mwezi ukiwa mbali na unga ukiwa umekwisha, gunia lile lile husagwa likawa ugali. Katika mwaka 2004, katika wilaya za mashariki na kati za Kenya, kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye aflatoksini, na 125 wakafa. Chanzo hakikuwa adui wala njama. Mahindi yaliwekwa ghalani yangali na unyevu. Na asiyeuawa haraka hukaa katika hatari nyingine, kwani sumu hii ikila mwili kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Bandu bandu huisha gogo.

Sisi wa mpakani tuliliona jambo hili waziwazi mwaka 2021. Tarehe 5 Machi ya mwaka huo Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu za ukungu. Malori yalisimama Busia na Malaba, madereva wakalala barabarani, na wakulima wa upande wa Uganda wakaona bei ikianguka. Siku chache baadaye, tarehe 10 Machi, zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji aandikishwe, na shehena iwe na cheti cha mahali ilipotoka pamoja na cha kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Kipimo hicho chastahili kufafanuliwa. Sehemu 10 katika bilioni ni gramu 10 za sumu katika tani 1,000 za mahindi. Chukua malori zaidi ya thelathini yenye tani thelathini kila moja, yapange kutoka lango la mpaka kwenda mjini. Katika shehena yote hiyo, kijiko kimoja au viwili vya sumu hiyo vinatosha kuifikisha kwenye mpaka wa sheria. Ndiyo sababu jicho tupu haliwezi kuwa hakimu wa mwisho. Lakini jicho laweza kuwa mlinzi wa lango. Punje mbovu ndizo zibebazo sehemu kubwa ya sumu, kwa hiyo kuchambua na kuondoa zilizofubaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na zenye rangi hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Zilizoondolewa zizikwe au zichomwe. Wasitupiwe kuku.

Kipo pia kipimo cha unyevu ambacho kila kota yaweza kukifanya. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo, jaza nafaka mpaka theluthi moja, funga, kisha tikisa kwa dakika mbili au tatu na uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka hiyo ina unyevu zaidi ya asilimia 15 nayo haifai kuwekwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Nafaka ianikwe juu ya turubai, isianikwe juu ya udongo, na gunia liwekwe juu ya mbao mbali na ukuta. Katika nchi yetu yenye misimu miwili ya mvua, mavuno ya kwanza mara nyingi hutoka shambani mawingu yangalipo, hivyo haraka ya kuyaweka ndani ndiyo mama wa ukungu.

PUNJE ZILIZOPAKWA RANGI

Hatari ya pili huja ikiwa imevaa sare. Mbegu za kupanda ziuzwazo katika pakiti hupakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, kisha hutiwa rangi: nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya buluu. Rangi hiyo ni amri: usile, usilishe. Lakini baada ya msimu wa kupanda mbegu zikibaki, huwapo watu wanaoziosha mpaka rangi itoke na kuziuza rejareja, au kuwatupia kuku kwa kuona ni hasara kuzimwaga.

Wenye kufikiri hivyo na wakumbuke yaliyoipata Iraq. Mwaka 1971 nchi hiyo ilipokea ngano na shayiri ya mbegu iliyopakwa dawa yenye zebaki na kutiwa rangi. Sehemu ya shehena ilifika majira ya kupanda yakiwa yamekwisha pita, na maonyo juu ya magunia yaliandikwa kwa lugha ambazo wakulima hawakuzisoma. Wengine waliiosha nafaka, wakaona rangi imetoka, wakadhani na sumu imetoka. Wengine waliwapa kuku kwanza kuwajaribia, na walipoona kuku hawajafa baada ya siku chache, wakaoka mikate. Dalili za zebaki hukawia majuma kadhaa. Zilipotokea, watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 miongoni mwao wakafa humo.

Funzo lake ni la kukariri kama namba ya bunduki: kuku si kipimo cha sumu. Kuku kuwa hai leo hakuthibitishi lolote kuhusu kesho. Vivyo hivyo, nafaka iliyochanganywa na dawa ya unga ya kuhifadhia ina muda wake wa kungojea, ulioandikwa juu ya pakiti. Kabla ya muda huo haifai kwa mtu wala kwa ndege.

NAFAKA ILIYOTEGWA: HABARI ZA BUNYALA

Hatari ya tatu ni ya makusudi. Kusini mwa Kaunti ya Busia, mahali mto Nzoia unapokaribia kuingia Ziwa Victoria, kuna mashamba ya mpunga ya Bunyala. Ndege wa majini na wa nafaka hukusanyika huko kwa wingi. Katika miaka ya 2009 na 2010 mtaalamu wa ndege Mkenya, Martin Odino, alifanya uchunguzi huko na kuonyesha jinsi watu walivyokuwa wakiwatega ndege kwa kabofurani, dawa kali ya kuua wadudu shambani. Mchele na konokono walitiwa dawa na kuwekwa mahali ndege wanapolia chakula. Korongo wala konokono, bata wa porini na hua walianguka, wakaokotwa na kuuzwa kama kitoweo.

Dawa hiyo hushambulia mishipa ya fahamu. Anayekula nyama yake hula kiasi cha kile kilichomuua ndege, na udhaifu wa miguu, kizunguzungu au tumbo kuvuruga baada ya kitoweo cha namna hiyo si jambo la kupuuzwa. Kwa askari ambaye hununua chakula barabarani akiwa doria, kanuni ni rahisi: ndege wa porini asiye na jeraha la mtego wala la jiwe, anayeuzwa kwa bei ya kutupa, asinunuliwe.

Jambo hili lina upande wa kazi pia. Polisi au mwanajeshi akikuta ndege wengi wamekufa pamoja penye nafaka iliyomwagwa, asiguse kwa mikono mitupu, asiruhusu watoto wala mbwa kusogea, na asikubali mizoga igawanywe. Atoe taarifa kwa afisa wa mifugo na kwa wahusika wa wanyamapori: Kenya Wildlife Service kwa upande mmoja, Uganda Wildlife Authority kwa upande wa pili. Mahali hapo ni mahali pa tukio kama pengine popote.

UWANJA WA KULISHIA

Nafaka njema ikitupwa mahali pachafu hugeuka mbaya. Kuku walishwe penye ardhi kavu iliyofagiwa, na ndege wa porini, ikiwa mtu apenda kuwalisha, wawekewe kibao juu ya nguzo mbali na banda la kuku. Sababu ni maradhi. Januari 2017 homa kali ya mafua ya ndege ilithibitishwa Uganda kwa ndege wa porini ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na pia kwa ndege wa kufugwa huko Masaka. Mdondo nao hupita kwa kinyesi, kwa maji na kwa viatu vyetu. Kuku wachanjwe, na kuku wa kambi moja wachanjwe wote pamoja, maana banda moja lililoachwa ni tundu katika boma.

Kiasi kiwe kidogo, kinachomalizika kabla ya jua kupanda. Masazo yakilala nje huwaita panya, na panya huwaita nyoka. Hayo si mageni kwa mtu yeyote aliyelala katika kota kuukuu. Mabaki ya vyakula vyenye chumvi nyingi wasipewe ndege, kwani miili yao midogo haiwezi kuistahimili. Sahani ya maji iwe ya kina kifupi na ibadilishwe kila siku. Kibao kisuguliwe kwa maji ya moto kila juma.

Basi, ndugu zetu askari, kazi hii yote yaanzia sokoni, nayo ni ya dakika tano. Tia mkono ndani ya gunia mpaka chini, usishike ya juu peke yake. Nusa. Uma punje moja: kavu hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea. Tazama rangi, kisha muulize mwenye gunia, kwa adabu: "Mama, yamevunwa lini, na yameanikwa wapi?" Muuzaji mwema hujibu bila kusita, tena hufurahi kuulizwa. Anayejibu kwamba ni ya kuku tu amekwisha kukuambia yote unayohitaji kuyajua. Mshukuru, uende gunia la pili.

Mlinzi wa lango hapitishi mtu kwa sababu tu ameambiwa kwamba huyo haendi kwa mkubwa, anakwenda kwa mpishi. Humkagua sawasawa, kwa kuwa lango ni moja. Nafaka nayo ikaguliwe vivyo hivyo, ije kwa jina la kuku au kwa jina la mtoto, kwa kuwa ua ni mmoja na jiko ni moja.